Kiguu cha Kumi

Imezimika tena.
Haikuaga, haikukohoa.
Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya ukuta uliobomoka,
risasi mbili, adui mmoja,
mara kioo cheusi, na ndani yake uso wangu
umeachama kama samaki sokoni.

Nikaandika daftarini: Jumanne, saa tatu na dakika kumi na saba.
Juu yake: Jumapili, saa nne kasoro dakika kumi na tatu.
Juu yake: Alhamisi, saa mbili na dakika kumi na saba,
hata gemu sijafungua,
nasoma tu bei ya kadi mpya ya picha,
pauni mia nne na tisini,
ikaanguka kana kwamba imeona wivu.

Hilltown, Dundee, ghorofa ya nne. Januari.
Jua la hapa ni mgeni mwenye haraka:
huingia saa tatu asubuhi,
saa kumi jioni ameshavaa koti.
Mimi hurudi kutoka kufua mashuka ya hospitali,
vidole vimekunjamana kwa mvuke,
sina pa kwenda ila ndani ya sanduku hili
tuliloliunda mimi na Fraser juu ya meza ya pasi.

Dada yangu Mwanahawa kasema kwenye simu:
"Si ununue tu hiyo mpya, unahangaika nini?"
Lakini mimi nimelelewa na fundi cherehani.
Mama hakubadilisha sindano kabla ya kukagua uzi.

Basi nikakagua uzi.
Nikafukuza madereva wote wa kadi, nikaajiri wapya;
wapya nao wakapindua gari.
Nikapima joto: digrii sitini na nane, homa ya kawaida.
Nikapuliza vumbi. Nikapiga chafya mpaka machozi.
Nikachomoa vijiti vya kumbukumbu,
nikavirudisha kimoja kimoja,
usiku kucha nikikihoji kila kimoja
kama polisi mwenye subira:
Unakumbuka? Unakumbuka?
Vyote viwili vilikumbuka kila kitu
isipokuwa kosa.

Callum wa ghorofa ya pili akaniazima kisanduku chake cha umeme,
akadai biskuti.
Ikazimika. Biskuti zikaliwa.

Kumbe daftari lilikuwa linasema, mimi ndiye kiziwi.
Na kumi na saba. Kasoro kumi na tatu. Na kumi na saba.
Hiyo ni ratiba ya basi.
Basi linalopanda kilima, linalobadilisha gia chini ya dirisha langu,
na vikombe kabatini hunong'onezana.

Nikalilaza sanduku ubavu. Skurubu tisa.
Nikainua ubao mama kwa mikono miwili
kama anayemtoa mtoto kwenye beseni.
Na pale chini, mahali pasipo na tundu,
kiguu cha shaba kimesimama peke yake,
kinang'aa, hakijabeba kitu,
kazi yake kuugusa mgongo wa ubao
kila jengo linapotikisika.

Tisa wa kazi. Na wa kumi.
Usiku ule wa kuunda, Fraser alihesabu kwa lugha yake,
mimi kwa yangu,
tukicheka, tukidondosha vitu zuliani,
wiki moja kabla hajaenda kwenye mitambo ya mafuta baharini.

Nikakizungusha kwa koleo.
Kikatoka kirahisi. Hilo ndilo lililoniudhi.

Basi la na kumi na saba likapita. Vikombe vikanong'ona.
Mashine ikaendelea.
Likapita jingine.
Sikucheza. Nilikaa hadi basi la mwisho
nikitazama orodha ya gemu ikiwaka, inangoja nichague,
mkono juu ya sanduku kama juu ya paji la mgonjwa.

Pauni bado zipo.
Kadi bado naitaka, sisemi uongo.

Nikampiga picha yule kiguu, nikamtumia Fraser.
Jibu likaja asubuhi, kutoka katikati ya maji:
"Mimi nilidhani unahesabu wewe."